Mlowezi Aliyepika Jikoni kwa Mama

Ndugu yangu Naftali alipiga simu kutoka Nyamira siku ya Jumapili, sisi tukiwa mezani, akasema anataka kubomoa jiko la mama.

"Dada, matofali yamefika," alisema. "Kijana wangu anataka kujenga, na pale jikoni ndipo penye tambarare. Lakini wewe ndiwe mkubwa. Bila neno lako sigusi hata udongo wake."

Nikamwambia angoje.

"Ningoje mpaka lini? Paa limeshaanza kuinamia migomba. Mvua moja kubwa litaanguka lenyewe, halafu utasema ni mimi."

"Naftali, nimesema ngoja."

"Haya. Wewe umezoea kungoja. Fundi hajazoea."

Naishi Tooting, kusini mwa London, kwa binti yangu Peris, ambaye ni muuguzi. Nilikuja kumsaidia kumlea mwanawe Makena alipokuwa wa kubebwa, na sasa Makena ananipita kimo. Jiko analolisema Naftali ni nyumba ndogo ya udongo, ya duara, nyuma ya nyumba kubwa ya baba. Tangu mama afariki hakuna aliyepika humo. Mke wa Naftali ana gesi yake, na wala simlaumu. Yote hayo nayajua. Lakini hakuna picha hata moja ya mama akiwa jikoni, maana zamani mpiga picha alikuja Krismasi kwa majirani, na sisi Wasabato tulikuwa hatusherehekei. Peris alipaona akiwa mdogo, na anachokumbuka ni moshi tu. Makena hapajui kabisa. Nikawaza, udongo ule ukishasambazwa shambani, mimi nami nikafumba macho, basi. Itakuwa kama hakuna mtu aliyewahi kupika pale.

Wiki hiyohiyo Makena alirudi na kazi ya historia. Kila mtoto wa darasa lake alipaswa kubuni mtu mmoja wa zamani aliyeondoka nchi hii, aandike maisha yake, kisha asimame ukumbini mbele ya wazazi na kusema kana kwamba ndiye mtu mwenyewe. Makena alipewa mwanamke wa Kipuritani. Hao ni watu walioondoka hapa kwa meli miaka kama mia nne iliyopita, wakaenda kuanza maisha Amerika, kwa sababu kanisa la mfalme lilikuwa na mapambo na sherehe nyingi kuliko dhamiri zao zilivyoweza kuvumilia. Makena alimwita mwanamke wake Temperance, jina ambalo maana yake ni kiasi.

Mimi humsemesha Makena kwa Kiswahili, naye hunijibu kwa Kiingereza, na hatujawahi kukosa kuelewana. Hapa nitaandika yote kwa Kiswahili.

"Nyanya, mwalimu amesema tuwaulize watu waliowahi kuishi bila umeme."

"Ndiyo ukanikumbuka."

"Si uliishi bila umeme?"

"Bila umeme, bila bomba, na bila hiyo simu inayokufanya usisikie ukiitwa kula. Huyu mtu wako alikuwa nani?"

"Mlowezi."

Niliweka sufuria chini. "Mlowezi namjua vizuri sana. Baba yangu alimkamulia ng'ombe mmoja wao huko Sotik. Baba ana mvi kichwani, bado anaitwa boi. Mimi simsaidii mlowezi."

"Huyu hana hata ng'ombe, Nyanya. Ana chungu kimoja na watoto wanaokohoa."

"Na ardhi? Aliikuta haina wenyewe?"

"Ilikuwa na wenyewe. Nimeandika hilo. Na hao wenyewe ndio waliowafundisha kupanda, maana mbegu walizotoka nazo hapa hazikuwafaa." Akanisomea kwenye daftari lake: mahindi kwenye kituta, maharagwe yanapanda juu ya bua la mahindi, na maboga chini yanafunika udongo usikauke.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Hilo ni shamba la mama yangu," nikasema. "Hivyohivyo. Mahindi, maharagwe, boga. Basi huyo Temperance alifundishwa na watu wenye akili. Na asante waliyolipwa naijua, usinisomee."

"Sitakusomea. Lakini utanisaidia?"

Nikavuta kiti.

Alikuwa na karatasi za mwalimu zinazoeleza desturi za watu hao, na kila alipotaja moja mimi nilikuwa naiona. Hawakula Krismasi. Hawakuvaa vya kung'aa. Kanisani wanaume upande wao na wanawake upande wao, na ibada ndefu mpaka kulikuwa na mzee mwenye fimbo ya kuwaamsha waliosinzia. Kwetu alikuwa Shemasi Ombati, naye hakuwa na fimbo, alikuwa na kikohozi. Alikohoa nyuma ya shingo yako mpaka ukakaa wima. Makena alicheka akaandika kikohozi.

"Hapa wanasema siku ya Sabato hakuna kupika," alisema. "Chakula kilipikwa kabla, kikaachwa motoni usiku kucha. Maharagwe. Je, hawakuwa na huzuni, siku nzima kukaa tu na kuogopa Mungu?"

"Huzuni? Nani amekuambia huzuni?"

Hapo ndipo nilipoanza, na nilipoanza sikujua kunyamaza.

Nilimweleza jinsi siku ya maandalio, ile ya kuamkia Sabato, ilivyokuwa nzuri kuliko siku zote. Tulisiriba sakafu ya nyumba kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe, ikanukia majani. Tulioga tukapakwa samli mpaka tukang'aa, maana samli haikuhesabiwa kuwa pambo. Mama alikaa kwenye kigoda chake kifupi, miguu ameinyoosha pembeni ya mafiga, na chungu cha maharagwe kikiongea peke yake. Baba hakuwa mtu wa maneno laini, lakini jioni hiyo alikuja mpaka mlango wa jiko, akasimama nje, akauliza, "Kumeiva?" Mama akajibu, "Uliza Mungu, si mimi." Kila wiki maneno hayohayo, na kila wiki walicheka kama wameyasikia leo.

Kisha jua likikaribia kutua, mama aliulaza moto. Alichukua magogo mawili yaliyoshika vizuri, akayachimbia kwenye majivu, akayafunika kwa majivu mengine, akafunika juu kwa kigae. Kwa sababu kuwasha moto siku ya Sabato ilikuwa dhambi. Kufukua moto uliokuwepo haikuwa dhambi.

"Hiyo si kudanganya?" Makena akauliza.

"Nilimuuliza mama hivyohivyo. Akasema, 'Mungu anajua watoto wanahitaji maziwa ya moto. Aliyesahau ni mchungaji.'"

Nikamweleza pia Sabato ile ya mvua, ambapo maji yalipenya paani na moto ukafa. Mama hakuweza kuwasha mwingine, na kwenda kwa jirani kuomba moto ingekuwa kutangaza aibu. Tukakaa na blanketi, tukiimba meno yakigongana. Jirani yetu alikuwa Mkatoliki. Aliona hakuna moshi kwetu. Akaja na makaa kwenye kigae, amekinga kwa jani la mgomba, akaweka mlangoni bila kubisha. Mama akatoka, akasema kwa sauti, "Sisi hatukuomba." Yule jirani akajibu kutoka kwenye migomba, "Na mimi sikuleta." Hata leo nikikumbuka nacheka.

Makena aliandika ukurasa baada ya ukurasa. Akauliza, "Sabato yao ilianza lini?"

"Ijumaa, jua likitua," nikasema. Sikufikiri hata kidogo. Watu wasiokula Krismasi, wasiovaa hereni, wanaopika siku moja kabla, kama si Wasabato ni akina nani?

Wiki iliyofuata alirudi akafunga mlango wa chumba chake kwa kishindo. Nikamwachia. Alipotoka kunywa maji nikamuuliza, akanitupia karatasi mezani. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwamba kazi ni nzuri sana, lakini Wapuritani walishika Jumapili. Maandalio yao yalikuwa Jumamosi, na siku yao takatifu ilianza Jumamosi jioni. Makena alikuwa amekwisha kuisoma mbele ya darasa.

"Siham amesema Temperance wangu ataenda kanisani akute limefungwa," alisema. Siham ni rafiki yake. "Darasa zima limecheka. Mwalimu ameniuliza niliyatoa wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni nyanya yangu, na wewe hata hukuwa na uhakika! Ulisema tu!"

"Nilikosea siku, Makena. Sikukosea mengine."

"Mengine nayo si yake, ni yako. Nayatoa yote. Nitatafuta kwenye simu."

Akayatoa. Nilisikia akiyachana, na hakuna sauti ya karatasi iliyowahi kuniuma namna ile. Naftali upande mmoja na shoka, huyu upande mwingine. Peris aliporudi kutoka shifti akaniona nimekaa, akauliza kama presha imepanda. Nikamwambia presha iko sawa.

Asubuhi nikashuka kwa Mama Mitesh, ghorofa ya chini. Jina lake ni Bhanu, lakini nikimwita Bhanu nitahisi namkosea, maana ni kama mtu wa kwetu, wa kuitwa kwa jina la mwanawe: baba yake alikuwa na duka mjini Kisii na yeye alizaliwa nyuma ya duka hilo. Aliondoka akiwa msichana, mwaka ule Wahindi wengi waliondoka. Kiswahili chake ni kilekile cha dukani, hakijaongezeka wala kupungua.

"Kaa, Mama Peris. Chai iko. Sura gani hiyo? Nani amekufa?"

"Jiko."

Nikamweleza yote, la Naftali na la Makena. Alisikiliza akimenya tangawizi.

"Ijumaa mchana mimi nakumbuka," alisema. "Baba yangu alikuwa anasema, Bhanu, funga kitabu, njoo uza, Wasabato wanakuja. Sukari, mafuta ya taa, chumvi, yote kwa haraka haraka, kama duka itaungua. Halafu jua ikishuka, hakuna hata mtu. Baba anasema, hawa watu Mungu yao iko na saa kali sana."

"Alisema kweli."

"Mimi nilirudi mara moja, unajua? Na Mitesh. Nimemwambia njia yote, nitakuonyesha dirisha yangu. Tumefika, hakuna dirisha, hakuna duka. Benki. Askari ananiuliza, mama, unataka kufungua akaunti?" Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akarudi kwenye tangawizi yake. "Miaka yote nilikuwa naona mtu mwingine amekaa dirisha yangu. Namchukia huyo mtu. Kumbe hakuna mtu."

"Ukafanya nini?"

"Nini nitafanya? Nilikula samosa mbaya sana, nikalala. Lakini Mitesh aliniuliza usiku, Mummy, dirisha ilikuwa wapi hasa? Nikachora. Sasa yeye ndiye anajua kuliko mimi. Mimi nikisema kushoto, ananisahihisha." Akanimiminia chai. "Mama Peris, niulize kitu? Hiyo jiko, ndugu yako akiacha, nani atapika ndani?"

Nilikunywa chai ikiwa moto mno ili nipate sababu ya kutojibu.

Ijumaa ikaja. Kila Ijumaa hapa Tooting napika kabla jua halijatua, na majira ya baridi jua la huku linakimbia kama linadaiwa, kwa hiyo naanza mchana. Nilikuwa nimeinjika maharagwe. Makena akaingia na karatasi mpya, akamsomea mama yake, aliyekuwa amekaa anakanda miguu yake baada ya shifti. Temperance mpya alikuwa na baridi. Alikuwa na njaa. Mungu alikuwa amemkasirikia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Peris alisikiliza mpaka mwisho. "Ni sawa," alisema. "Lakini huyu mtu yuko wapi? Mimi sioni mtu. Naona hali ya hewa."

"Mama!"

"Umeniuliza nimekujibu. Yule wa kwanza nilitaka kukaa naye."

Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nakoroga. Nimelea watoto wengi, na najua kuna saa ambapo mtu mzima akifungua mdomo anaharibu kilichokuwa karibu kunyooka.

Makena akaja akasimama kando yangu. Akaangalia sufuria.

"Nyanya, yule jirani wa makaa. Alikuwa hashiki Sabato yenu, sivyo?"

"Yeye alikuwa wa Jumapili."

"Na hakuna aliyemwita?"

"Hakuna."

Akafikiri. "Nikisema Jumamosi mahali uliposema Ijumaa, kuna kitu kinachoharibika? Kigae, magogo, baba mlangoni?"

Nikafikiri kweli, mara hii sikuropoka. "Hakuna kinachoharibika," nikasema. "Samli ndiyo sijui kama walijipaka."

"Samli natoa. Na vile uliniambia kuhusu baba yako kuitwa boi, hiyo naweka."

"Utaiwekaje? Temperance ni mlowezi."

"Ndiyo. Yule jirani anayeleta makaa atakuwa mwanamke wa pale, mwenye ardhi. Mume wa Temperance hamwiti kwa jina lake, anamwita tu 'wewe'. Na Temperance anasikia, na anayachukua makaa, na hasemi kitu."

Nilizima moto wa jiko ili nimtazame vizuri. Mtoto wa miaka kumi na miwili. Nikamwambia alete kalamu, tuanze upya kabla jua halijatua, maana likitua sifanyi kazi ya shule ya mtu yeyote.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Peris aliomba ruhusa kazini, tukakaa mstari wa mbele kwenye viti vya watoto, magoti karibu na kidevu. Walipita wengi: baharia, fundi viatu, mtumishi wa nyumba. Kisha Makena akatoka na kofia nyeupe ya kitambaa na shuka ya Peris ya bluu kiunoni. Hakushika karatasi.

Alianza na meli, na mto ambao Temperance aliuona ukibaki nyuma. Akaja kwenye shamba, mahindi na maharagwe na boga, na waliomfundisha. Halafu akakaa. Alikuwa ameomba kigoda cha darasa la wadogo. Akanyoosha miguu pembeni, namna ile ile, na mimi sikuwa nimemwonyesha, nilikuwa nimemwambia tu. Akainama akafunika moto ambao haukuwepo, taratibu, kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukizuia majivu yasiruke. Akageuza uso kuelekea mlango na kumjibu mumewe, "Uliza Mungu, si mimi." Ukumbi mzima ukacheka.

Yule mwanamke wa makaa aliponena kutoka gizani, "Na mimi sikuleta," watu walikuwa wameanza kucheka tena, lakini Makena akanyamaza. Alishika mkononi kile kigae cha makaa kisichokuwepo, akakaa hivyo, mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Kisha akasema, "Sikumuuliza jina. Nimepika kwa moto wake miaka yote hii." Akainuka akaondoka.

Nililia waziwazi. Baba mmoja nisiyemjua alinipa kitambaa cha karatasi, kisha akanipa pakiti nzima.

Njiani kurudi Makena aliniuliza, "Nyanya, ilikuwa sawa?" Nikamwambia mama yangu angemgombeza kwa kuacha moto wazi muda mrefu akiongea. Akasema, "Nilijua! Nilisahau kigae cha kufunikia, nikakumbuka mwisho." Akawa anajilaumu hivyo mpaka tukapanda basi, kama mtu aliyesahau kufunga mlango wa kwao.

Jioni hiyo nilimpigia Naftali.

"Bomoa," nikamwambia.

Nikadhani laini imekatika. "Naftali?"

"Nipo." Akakohoa. "Unajua, nilidhani utakataa."

"Wewe si ndiye uliyekuwa na haraka? Matofali, fundi, tambarare?"

"Kijana ndiye mwenye haraka. Mimi nilikuwa nangoja unikataze, nimwambie dada yangu amekataa. Juzi niliingia humo. Tangu nitoke jandoni sikuwahi kukaa jikoni kwa mama, unajua desturi. Nikakaa. Dada, ni padogo! Tulienea vipi?"

"Hatukuenea. Tulibanana."

Akacheka, kisha akashusha pumzi. "Una hakika?"

"Nina hakika. Hakuna atakayepika humo, Naftali. Mwache kijana ajenge. Kitu kimoja tu, kesho mke wako awashe moto hapo mapema, apike maharagwe, mle wote. Na wewe ingia ukae ndani, usisimame mlangoni kama baba. Jumatatu fundi aje."

"Nitafanya hivyo." Nikasikia mlango ukifungwa upande wake, na kuku. "Dada, umelia?"

"Nimeshalia. Leo shuleni, mbele ya wazazi wa watu. Na wewe?"

"Mimi," alisema Naftali, "nitalia Jumatatu, fundi akienda kula."